Maswali Yenu: Urithi, Madeni, Uchawi na Futari ya Jirani

Barua nne tulizozichagua safari hii zimetoka Malindi na viunga vyake, na ingawa kila mwandishi ana shida yake, wote wanauliza jambo lile lile: Yesu angefanya nini? Kabla sijajibu, namwomba msomaji atazame tabia moja ya Bwana ambayo huonekana katika kila Injili. Ni mara chache alipolijibu swali kama lilivyoulizwa. Alianza kwa kumtazama muulizaji, akasikia kile ambacho maneno yake yalikuwa yakikizunguka, kisha akajibu hicho. Wengi waliondoka kwake wakiwa na jibu ambalo hawakulijia. Huenda baadhi ya waandishi wetu nao wakaona hivyo, na nawaomba wanivumilie. Barua zimefupishwa, na aya za Biblia nimezinukuu kutoka tafsiri ya Union, ambayo ndiyo inayosomwa katika makanisa yetu mengi.

SWALI: Bwana asifiwe, Mwalimu. Baba yetu alifariki akatuachia shamba la minazi na mikorosho huku Ganda, na mama alikuwa ametangulia. Tumezaliwa wanaume wawili. Dada zetu watatu wote wameolewa. Kaka yangu ndiye anayeweka hatimiliki, ambayo bado ina jina la baba, na sasa nasikia amekwisha kuzungumza na dalali ili amuuzie mwekezaji kile kipande cha mbele kinachopakana na barabara. Mimi nataka tugawane nusu kwa nusu, kila mtu ajue chake. Mchungaji ananiambia kwamba Mkristo hamshtaki ndugu yake, na wazee wa ukoo wanasema mkubwa ndiye baba. Yesu angesema nini? Nimshtaki au ninyamaze?
Mdogo Mtu, Ganda

JIBU: Ndugu yangu, swali lako Yesu alikwisha kuulizwa, karibu kwa maneno yako mwenyewe. Katika Luka sura ya 12 mtu mmoja alipaza sauti katikati ya mkutano akasema, “Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu.” Halikuwa ombi la ajabu. Sheria ya Musa ilimpa mzaliwa wa kwanza sehemu mbili, waalimu wa sheria ndio waliokuwa wakiulizwa mambo ya mirathi, na inaelekea mtu huyu alikuwa mdogo mtu kama wewe, aliyeona kwamba mkubwa amekalia mali yote. Huenda haki ilikuwa yake kabisa. Hata hivyo Yesu alimjibu, “Mtu wewe, ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu?” Kisha akaugeukia mkutano wote akasema, “Angalieni, jilindeni na choyo.”

Wahubiri wengi hulichukua jibu hilo na kumnyamazisha nalo mtu aliyedhulumiwa, kana kwamba Bwana alisema mali ya urithi haina maana na anayeidai ana dhambi. Hakusema hivyo. Alichokataa ni kutumiwa kama fimbo ya ndugu mmoja dhidi ya mwingine. Onyo la choyo nalo halikumlenga yule kaka peke yake, ambaye pengine hata hakuwapo pale. Lilimfikia kwanza aliyelalamika. Kisha ukafuata mfano wa tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana, akaazimu kuvunja ghala zake na kujenga kubwa zaidi. Usome mfano ule polepole utaona kwamba yule tajiri anazungumza na nafsi yake tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hamtaji mke, wala ndugu, wala kibarua aliyemvunia. Katika hesabu yake hakuna mtu mwingine.

Hapo ndipo ninapolazimika kuirudia barua yako. Umeandika kwamba mmezaliwa wanaume wawili, ukawataja dada zako watatu kwa neno moja, kwamba wameolewa, kisha ukaligawa shamba nusu kwa nusu. Kaka yako amekutoa wewe katika hesabu, na wewe umewatoa watu watatu. Sisemi hivi ili nikuaibishe, maana desturi ndiyo iliyokufundisha, na wazee wanaokwambia kwamba mkubwa ndiye baba wangekwambia pia kwamba binti hurithi kwa mumewe. Lakini hata katika Agano la Kale binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai fungu la baba yao, na kitabu cha Hesabu sura ya 27 kinasema kwamba Mungu alijibu kuwa wamesema haki. Ukimfuata kaka yako kwa jina la haki huku ukiishikilia haki ya dada zako, utakuwa umebadilisha tu jina la anayedhulumu.

Sheria ya Kenya nayo inasema jambo hilo hilo. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, haimtofautishi mtoto wa kiume na wa kike, wala aliyeolewa na asiyeolewa, pale wazazi wote wawili wanapokuwa wamefariki bila kuacha wosia: watoto wote hurithi kwa usawa. Tena sheria hiyo inamkataza mtu yeyote kuuza au kuingilia mali ya marehemu kabla mahakama haijatoa hati ya usimamizi wa mirathi, na anayefanya hivyo anaweza kutozwa faini au kufungwa. Maana yake ni kwamba ikiwa hatimiliki bado ina jina la baba yenu na hakuna aliyefungua mirathi, kaka yako hana cha kumuuzia mwekezaji. Karatasi yoyote atakayotia sahihi na dalali itamletea msiba yeye mwenyewe, na mnunuzi naye atapoteza fedha zake. Jambo hili mwambie mapema, na umwambie kama mtu anayemwokoa, kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Sasa nije kwa mchungaji wako. Ni kweli kwamba Paulo, katika sura ya 6 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, aliona aibu kwamba ndugu wanashtakiana mbele ya wasioamini, na aliuliza kama si afadhali kudhulumiwa. Lakini katika sura ile ile aliuliza kama hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima kati yao awezaye kukata maneno ya ndugu zake. Kanisa linalomwambia mtu asiende mahakamani linajitwika deni: ni lazima liketi lenyewe na kuamua. Mchungaji anayesema “usishtaki” kisha akaenda zake nyumbani hajamfundisha mtu Injili. Amemwacha tu mwenye nguvu aendelee na shughuli yake.

Njia ambayo Yesu mwenyewe aliiweka iko katika Mathayo 18. “Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo.” Angalia kwamba anayepatikana hapo ni ndugu. Bwana hakulitaja shamba. Kwa hiyo mwendee kaka yako nyumbani kwake, bila shahidi, bila simu ya kurekodi, na bila kumtanguliza shangazi aende kumtisha. Mwambie unayoyajua kuhusu dalali, na umweleze kwamba unataka mirathi ifunguliwe kwa majina ya watoto wote watano. Asipokusikia, nenda tena pamoja na mmoja au wawili wanaoheshimiwa na nyote wawili, na ningependa mmoja wao awe dada yenu mkubwa. Asiposikia hapo, lipeleke kwa kanisa na kwa wazee, halafu kwa chifu, ambaye kwa vyovyote mtamhitaji, kwa kuwa barua yake inayowatambulisha warithi wote ndiyo inayotangulia ombi la mirathi.

Na ikiwa katikati ya hatua hizo utasikia kwamba mwekezaji anakuja kupima, usingoje mkutano wa wazee wa mwezi ujao. Nenda kwenye ofisi ya usajili wa ardhi ukaombe zuio liwekwe juu ya shamba, au umwone wakili, kwa kuwa Mahakama Kuu na Mahakama ya Mazingira na Ardhi zote zipo hapa Malindi. Kumzuia ndugu yako asiuze kitu ambacho si chake peke yake si kumchukia. Yesu alisema, “Patana na mshitaki wako upesi, wakati uwapo pamoja naye njiani,” na neno hilo lawahusu nyote wawili: hata jalada likiwa limefunguliwa, bado mko njiani, na Katiba ya mwaka wa 2010 inazitaka mahakama zenyewe ziunge mkono upatanishi. Mnaweza kumalizana siku yoyote.

Ushauri mmoja zaidi, ambao hukuuomba. Kabla hujaenda kwa kaka yako, wapigie simu dada zako watatu. Waulize wanataka nini. Huenda wawili wakasema hawataki chochote, na hiyo ni hiari yao, lakini iwe ni wao waliosema.

SWALI: Mimi ni mama karanga hapa Mayungu. Nanunua samaki ufuoni, nakaanga, nauza jioni. Wateja wangu wengi ni watu wa kanisani kwetu, tena wamo wazee wa kanisa. Huchukua kwa deni wakisema watalipa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukifika hunipita kama hawanijui. Nilipomdai mmoja mbele ya mwenzake alikasirika akaniambia kwamba Yesu alisema tusidai tulichochukuliwa. Sasa ni msimu wa kusi, bahari ni chafu, samaki ni wachache na ni wa bei. Mtaji unaisha. Je, ni dhambi kudai?
Mama Karanga, Mayungu

JIBU: Hapana, mama, si dhambi. Aya aliyokusomea mzee wako iko katika Luka 6: “Mpe kila akuombaye, na akunyang'anyaye vitu vyako, usitake akurudishie.” Ni aya ngumu na sitajaribu kuilainisha. Lakini tazama inasemwa kwa nani. Inasemwa kwa anayetoa, ili moyo wake usifungwe na alichopoteza. Haikuandikwa ili anayechukua aitoe mfukoni na kumwonyesha mwenye mali. Aliye upande wa kuchukua ameandikiwa aya inayofuata hapo hapo, kwamba awatendee watu kama anavyotaka yeye atendewe, na ikiwa ni mzee wa kanisa ameandikiwa pia sura ya 20 ya Injili hiyo hiyo, ambamo Yesu anawaonya wanafunzi wake juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa unafiki. Sijui kama wewe ni mjane. Samaki wako wanaliwa namna hiyo hiyo.

Watu wengine hudhani kwamba Yesu hakuwa na habari na biashara. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi, na Marko anatuambia kwamba Zebedayo alikuwa na watu wa mshahara katika chombo chake, kwa hiyo palikuwa na hesabu za kulipwa kila jioni. Magdala, kwao Mariamu Magdalene, ulikuwa mji uliojulikana kwa kukausha samaki kwa chumvi. Na Luka, mwanzoni mwa sura ya 8, anasema wazi kwamba Mariamu huyo, pamoja na Yoana na Susana na wanawake wengine wengi, walikuwa wakimhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao. Msafara ule ulikula kwa sababu walikuwapo wanawake ambao mtaji wao haukuwa umekwisha. Mtu akikufilisi kwa jina la Yesu, mwambie hivyo.

Hata hivyo nina neno moja juu ya namna ulivyodai. Mathayo 18 niliyomwandikia ndugu wa Ganda inakuhusu nawe: jambo la kwanza ni wewe na yeye peke yenu. Mtu mzima akidaiwa mbele ya mwenzake hutetea heshima yake na kulisahau deni, na akikosa hoja hutafuta aya. Mwendee faraghani na daftari lako, umwonyeshe siku na kiasi, umwulize atalipa lini na kwa mafungu gani, kisha uandike alilosema mbele ya macho yake. Yesu alitaka maneno yetu yawe “Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo,” nawe unaweza kumwomba ndugu yako wa kanisani atimize hilo bila kuinua sauti.

Na ukilifungua daftari hilo utaona kwamba wadeni wako si watu wa namna moja. Wako wanaopokea mshahara na kukupita. Wako pia waliosimamishwa kazi hotelini tangu watalii walipoondoka baada ya Pasaka, ambao wanakukwepa kwa sababu ya aibu. Kwa wa kwanza, funga deni: samaki mpya hatoki mpaka wa zamani alipwe, na hakuna dhambi katika hilo. Kwa wa pili, chagua wewe mwenyewe, kwa hesabu unayoiweza, nani utamwachia, na ukishaamua mwambie kwa kinywa chako, “Nimekuachia.” Kusamehe deni kimoyomoyo huku mdaiwa akiendelea kukukwepa njiani ni msamaha wa nusu, na mara nyingi ni kinyongo tu. Mfalme wa mfano ule wa talanta elfu kumi alimwambia mtumwa wake waziwazi kwamba ameachiliwa, na ndiyo maana mtumwa yule hakuwa na udhuru alipomkaba mwenziwe kwa dinari mia.

Ukiwa umemaliza, soma Luka 14:28, pale mtu anapoketi kwanza na kuhesabu gharama za mnara. Kwa kawaida husomwa kanisani siku ya harambee. Inamfaa zaidi mtu anayeuza kwa deni wakati wa kusi.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka minne huugua homa mara kwa mara, na mwezi uliopita alishikwa na degedege. Majirani, na hata baadhi ya ndugu za mume wangu, wanasema ni nyanya yake, mama mkwe wangu, ambaye ni mzee sana, ana macho mekundu na anaishi peke yake. Mwombezi mmoja alikuja akasema kwamba adui yumo ndani ya boma. Sasa kuna vijana wanaotamka maneno ya kutisha usiku. Mume wangu yuko Mombasa kikazi. Mimi ni mwamini, lakini naogopa. Nifanye nini?
Mama wa Mmoja, Magarini

JIBU: Dada yangu, mambo mawili hayangoji maelezo. Mpeleke mtoto hospitalini leo, umweleze daktari homa zote na ile degedege. Na mpigie mume wako simu, umwambie aje, au angalau azungumze mwenyewe na mzee wa mtaa na chifu kuhusu vijana hao, majina yao yakitajwa. Mkiona hatari iko karibu, polisi wajulishwe na nyanya alale kwa jamaa wa mbali au penye watu wengi. Kaunti yetu ya Kilifi imewazika wazee wengi waliouawa kwa tuhuma za namna hii, na mara nyingi baada ya mazishi ilionekana kwamba kulikuwa na kipande cha ardhi nyuma ya maneno yale. Uliza kwa upole ni nani atakayefaidika nyanya akiondoka.

Tuje kwa Yesu. Katika Yohana 9 wanafunzi wake walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza, “Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?” Swali lao na la majirani zako ni moja: ugonjwa upo, basi nani ameuleta? Walikuwa wamekwisha kuamua kwamba mkosaji yupo, na walichotaka ni jina lake. Yesu akajibu, “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake,” kisha akasema kwamba kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake. Hapo hapo akatema mate chini, akafanya tope, akampaka yule mtu machoni na kumtuma akanawe. Hakuwapa jina. Alianza kumshughulikia mgonjwa. Luka 13 inatuonyesha jambo hilo tena, alipotaja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu na kukana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu.

Atakayesema kwamba Yesu alitoa pepo amesema kweli. Lakini tafuta katika Injili zote nne mahali ambapo alimponya mgonjwa kwa kumtaja jirani au bibi kizee kuwa ndiye aliyemroga. Hutapaona. Mwombezi anayeingia bomani kwako na kuondoka akiwa amemwachia mtu kosa, bila kumpa mtoto hata dawa ya kushusha homa, hafuati mfano wa Bwana katika jambo hilo, hata kama anapaza jina lake kwa sauti kubwa.

Degedege kwa mtoto wa umri huo huletwa mara nyingi na homa kali, na katika pwani yetu homa kali mara nyingi ni malaria, ambayo ikipanda kichwani huua haraka. Homa zinazorudi rudi zinaweza pia kutokana na selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto hurithi kutoka kwa wazazi wote wawili na ambao huku kwetu upo kwa wingi. Mwombe daktari ampime. Kilifi ina kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome ambacho tangu mwaka wa 1989 kimekuwa kikichunguza hasa malaria na magonjwa mengine ya watoto wa pwani, kwa hiyo madaktari wetu hawako gizani kuhusu jambo hili. Na macho mekundu ya nyanya, kwa mtu aliyepika kwa kuni maisha yake yote, mara nyingi ni ya moshi. Daktari wa macho angemsaidia.

Usikubali kuambiwa kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani. Sisi wa Malindi tumelipa gharama kubwa mno kwa mafundisho ya namna hiyo. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watoto wengi wakiwamo, baada ya watu kuhubiriwa kwamba wakifunga kula hadi kufa watakutana na Yesu. Nami huwa najiuliza Yesu yupi. Yule wa Marko 5 alipomfufua binti wa Yairo, msichana wa miaka kumi na miwili, amri yake ya mwisho katika nyumba ile ilikuwa kwamba apewe chakula.

Liko jambo moja unaloweza kulifanya wewe ambalo hata chifu haliwezi. Katika Marko 1 Yesu aliingia nyumbani kwa Simoni akamkuta mama mkwe wa Simoni amelala, hawezi homa. Akamkaribia, akamshika mkono, akamwinua. Wewe nawe una mama mkwe anayeogopwa na boma zima. Mpelekee chakula mchana kweupe, uketi naye mlangoni mahali ambapo majirani wanaona, na mtoto akiwa na nafuu umpeleke akamsalimie nyanya yake. Ninajua ni rahisi kwangu kuandika hivi nikiwa mjini, na kwamba huenda wewe mwenyewe usiku hujui uamini nini. Nenda na hofu yako hivyo hivyo. Watu hushindwa kumwinulia panga mtu ambaye mkwe wake mwenyewe anakula naye.

SWALI: Ninaishi Shella, hapa Malindi mjini. Jirani yangu Mwislamu huniletea futari kila Ramadhani: muhogo wa nazi, kaimati, tambi. Mwaka huu dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi ameniambia kwamba nikila ninashiriki ibada nyingine. Nimeanza kutafuta visingizio. Je, nile?
Msomaji wa Shella

JIBU: Kula. Yesu alipowatuma wale sabini, katika Luka 10, aliwaambia wavile vyakula watakavyoandaliwa katika nyumba watakazopokewa. Yeye mwenyewe aliomba maji ya kunywa kwa mwanamke Msamaria, mpaka mwanamke akashangaa, kwa kuwa Wayahudi hawakuchangamana na Wasamaria. Muhogo wa nazi si sadaka iliyotolewa kwa sanamu. Umepikwa na mtu aliyeshinda na njaa tangu alfajiri na bado akakukumbuka kabla hajafungua kinywa.

Dada wa kikundi chenu anauliza, bila kujua, kile alichouliza mwanasheria mmoja: “Na jirani yangu ni nani?” Yesu hakumchorea mpaka. Alimsimulia habari za Msamaria aliyemsaidia majeruhi ambaye kuhani na Mlawi walikuwa wamempita, kisha akamgeuzia swali, amwambie ni nani kati ya wale watatu aliyekuwa jirani wa mtu aliyeangukia kati ya wanyang'anyi. Kwa kipimo hicho, jirani katika barua yako ni yule anayegonga mlango akiwa na sahani, na anayetafuta visingizio ni mwingine.

Mji wenu una historia ndefu katika jambo hili. Mwaka wa 1542 Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alitia nanga Malindi akiwa njiani kwenda Goa, India, na baadaye akaandika barua kuhusu mazungumzo yake na Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini, ambaye alimlalamikia kwamba watu wamepunguza kwenda msikitini na akamwuliza kama kwa Wakristo ni vivyo hivyo. Viongozi wa dini wangali wakilalamika hivyo hivyo, pande zote mbili.

Kwa hiyo mwache dada yako wa maombi aseme, umjibu kwa adabu, na uache visingizio, maana jirani yako amekwisha kuvitambua. Sahani yake usiirudishe tupu. Na Krismasi ikifika, ukitaka kumpelekea pilau, nunua nyama kwa mchinjaji anayemjua yeye, ili asilazimike kukuuliza.